Magodoro katika Ukumbi wa Madiwani

"Inatangazwa kwa wananchi wote wa Haldwick, wenye nyumba na wasio na nyumba, kwamba kwa kuwa Halmashauri imeona ni busara kufuta fungu la huduma za makazi, Waheshimiwa Madiwani, kwa upendo usio na kifani, wameamua kugawana ukumbi wao na wote watakaokosa pa kulala. Njooni Jumanne, saa nane mchana, kila mtu na godoro lake. Chai itakuwepo."

Tangazo hilo lilikuwa na nembo ya halmashauri na saini ya meya, na halikuwa na chembe ya ukweli, ukiondoa chai. Lilitungwa na Lucian Pettifer, kijana wa miaka kumi na sita, akiwa kitandani kwake amevaa soksi moja.

Lucian alikuwa nyumbani katikati ya muhula kwa sababu shule yake ya bweni, ambayo imelea maaskofu na majenerali, ilikata tamaa ya kumlea yeye siku alipoivisha sanamu ya mwanzilishi sidiria ya matroni. Baba yake, Mheshimiwa Diwani Rupert Pettifer, alimpa adhabu: akaoshe vyombo katika hosteli ya vijana wasio na makazi, Mtaa wa Tanner, "ukajifunze maisha." Diwani huyohuyo ndiye aliyependekeza fungu la makazi linaloilisha hosteli hiyo lifutwe. Haikumpitia akilini kwamba mwanawe angeweza kujifunza kweli.

Pale jikoni alimkuta Kezia Brannock, msichana wa miaka kumi na tisa, mwenye kovu juu ya jicho na ngumi zilizojulikana mpaka kituo cha basi.

"Hiyo sufuria umeiosha au umeibariki tu, mtukufu?"

"Nimeibariki, dada. Kwetu tunaanza na roho, mwili baadaye."

"Kwenu kuna watu wa kuwaoshea mpaka masikio. Sugua."

Hosteli ilikuwa na sheria moja iliyozidi nyingine zote: ukimpiga mtu, unatoka siku hiyohiyo. Na ukitoka kwa sababu hiyo, halmashauri inahesabu kwamba umejikosesha nyumba mwenyewe, kwa makusudi, na inanawa mikono. Hupati chumba, hupati kitanda, hupati hata mtu wa kupokea simu yako. Kezia alikuwa ameahidiwa nyumba ndogo ya peke yake, juu ya duka la dobi, mara tu majira ya baridi yakiisha. Alichotakiwa ni kutompiga mtu mpaka wakati huo. Kwa Kezia hiyo ilikuwa kama kukatazwa kupiga chafya. Akikasirika, alitumbukiza mikono mifukoni na kuikaza humo mpaka mishipa ya shingo imsimame.

Lucian alibandika matangazo yake chini ya daraja la reli na kwenye mlango wa kanisa linalogawa chakula. Alitarajia watu wanne watano, mbwa mmoja, na uso wa baba yake uliogeuka zambarau. Hakujua kwamba mtu anayelala nje katika baridi ile hasomi tangazo la kitanda kwa utani.

Jumanne walikuja wakajaza ngazi. Walikuja na magodoro, mablanketi, majiko ya gesi, na bwana mmoja alikuja na kiti cha sofa kichwani. Kezia naye alikuwepo, kwa kuwa Bi Glenys, mkuu wa hosteli, alimwomba aseme maneno machache mbele ya madiwani kabla hawajalipigia kura fungu hilo.

Ndani, mambo yalikwenda kwa taratibu tukufu. Mzee mwenye koti la mkia na glavu nyeupe aliingia amebeba rungu la meya, refu kama mguu wa meza na lililopakwa dhahabu, akalilaza mezani. Madiwani wa Haldwick wanaamini kwamba bila rungu hilo mezani hakuna uamuzi unaosimama. Kwa mamia ya miaka lilikuwa halijampiga hata nzi.

Mlangoni, Wilf Sugden, mzee wa chini ya daraja, alikuwa ameshika tangazo mkononi.

"Nimealikwa," alimwambia mlinzi, jitu moja liitwalo Garvey.

"Na nani, babu? Na malkia wa nyuki?"

"Na meya. Amesaini hapa, soma."

"Toka, mzee, unanuka."

"Naam, ndiyo maana nimekuja ndani."

Watu wakacheka, na Garvey hakupenda. Alimshika Wilf mkono akausokota nyuma ya mgongo. Wilf hakuachia godoro lake. Garvey akasokota zaidi, na mfupa ukalia ko! kama kijiti kikavu, mlio uliofika mpaka roshani ya wananchi alikokaa Lucian akijibana mbavu kwa kicheko.

Kicheko kikakatika, lakini kwa kuchelewa. Kezia, aliyekuwa kiti cha jirani, alikuwa ameshamgeukia.

"Ni wewe."

"Dada, mimi nilidhani..."

"Ni wewe uliyewaita, mwana wa haramu." Mikono yake ilizama mifukoni. "Bahati yako nataka nyumba. La sivyo ungeokota meno yako kwa kijiko."

Akashuka mbio. Chini mlango ulikuwa umepasuka. Watu waliingia ukumbini kwa magodoro kama kwa ngao, na walinzi wakawapokea kwa virungu. Kijana mmoja alipigwa mdomoni akatema damu juu ya zulia la bluu. Bwana wa sofa aliitupa sofa, ikamwangusha diwani wa barabara. Mbwa wa mmoja wao alimuuma mlinzi paja. Mwanamke aliburutwa kwa nywele kati ya viti huku akimpiga mlinzi kwa kiatu, na kila kisigino kilipotua kiliacha shimo jekundu shavuni.

Kezia alimfikia Wilf, aliyekuwa ameanguka chini, akajilaza juu yake. Garvey akamvuta, akampiga ngumi ya sikio, akamwangusha kifudifudi na kumkandamiza kwa goti mgongoni.

"Pigana, basi!" alifoka. "Si nyinyi ndio wababe wa Tanner?"

Kezia hakutoa mikono mifukoni. Garvey alimshika kisogoni akamgonga uso sakafuni, mara ya kwanza, ya pili, na damu ya pua ikatandaa.

Lucian hakukumbuka kushuka ngazi. Alikumbuka tu uzito wa rungu la meya alipolinyakua mezani. Alilipitisha juu ya kichwa chake kama mpasua kuni, likatua begani mwa Garvey, na mtulinga ukavunjika. Garvey akaanguka chali, akainua mkono mmoja kuomba. Lucian akalishusha tena. Safari hii lilikula mbavu, na Garvey akatoa sauti kama ya mtoto.

"Acha! Utamuua!" Kezia alimpokonya rungu. Ndipo polisi walipoingia, wakamwona msichana mwenye kovu, uso umejaa damu, kasimama juu ya mlinzi na rungu la meya mkononi.

Magari ya wagonjwa yalipoondoka, meya aliomba polisi wamwazime rungu dakika chache tu. Likafutwa damu, likalazwa mezani, na fungu la makazi likafutwa kwa kura nyingi.

Katika chumba cha meya, Kezia alikaa, mikono imefungwa pingu nyuma, na Lucian alisimama karibu na baba yake, mkono mmoja mfukoni. Bi Glenys alikuwa akilia.

"Nitakuwekea mizigo yako mlangoni, mwanangu. Ungekuwa uamuzi wangu..."

"Sikumpiga."

"Nani basi?" aliuliza Sajenti Holroyd, mwanamama mwenye sauti ya taratibu.

Kezia alimtazama Lucian.

"Mwanangu alikuwa pembeni yangu muda wote," alisema Diwani Pettifer.

"Vizuri," alisema sajenti, akinyoosha vikombe viwili. "Kijana, shika chai. Na hiki mpe baba."

Lucian alipokea kikombe kimoja kwa mkono wa kushoto. Cha pili kilibaki kinaning'inia hewani.

"Una mkono mwingine?"

Akautoa mfukoni polepole. Kifundo kilikuwa kimevimba kama andazi, na kiganjani vilikuwa vimenata vipande vya dhahabu.

"Ameteleza kwenye ngazi," alisema baba haraka.

Lucian alifungua kinywa kutoa mzaha. Alikuwa nao tayari, mzuri kabisa, unaohusu ngazi za dhahabu. Akamwona Kezia akilamba damu iliyomshukia mdomoni, kwa kuwa pingu hazikumruhusu kuipangusa.

"Nilimpiga mimi, afande."

"Lucian! Nyamaza!"

"Yeye alininyang'anya rungu. Hajamgusa mtu. Hata mimi, na nilistahili." Akaweka kikombe mezani. "Wale watu niliwaita mimi. Tangazo langu."

Sajenti alitoa kalamu. "Ulimpiga ukiwa unamtetea huyu binti?"

"Ndiyo, afande," baba alidakia. "Andika hivyo. Alikuwa anamtetea."

"Pigo la kwanza, ndiyo," alisema Lucian. "La pili alikuwa ameshalala, ananiomba. Nilimwona anaomba."