Baiskeli ya Marehemu

Watu wa Kabondo wakiona kutu huchukua msasa. Nuru alichukua ndimu. Ujuzi huo aliurithi kwa baba yake, fundi Sefu, pamoja na baiskeli yenyewe: ya kizamani, ringi zake za chuma zimepakwa kijani kiwandani, na mstari mwembamba wa manjano ukizizunguka. Tangu mzee afariki ilikuwa imeegemea ukuta wa jikoni, ikiliwa na kutu.

Basi mumewe Djuma akaja na maneno matamu. Alisema inasikitisha kuona mali ya mkwe wake inaoza hivi; ikisafishwa, siku ya Idi atampakia Nuru nyuma wazunguke mji mzima, watu wawaone. Djuma alikuwa muuza mchele, na kusifu alijua. Nuru akavikwa kilemba cha ukoka, naye akakiweka vizuri kichwani.

Akaanza kazi. Kwanza alijaribu maji ya ndimu mahali pasipoonekana upesi, karibu na vali, upande wa cheni, kwa kuwa rangi ya zamani ina tabia zake. Hapo aliyaacha yakae mno, rangi ikatoka, pakabaki doa la ukubwa wa ukucha. Alijilaumu, lakini ndiyo maana mtu hujaribu kwanza. Kuanzia hapo alikizungushia kijiti cha mwanzi kitambaa kilicholowa kidogo tu, akawa anagusa kutu bila kugusa rangi, akisuuza na kukausha papo hapo. Penye chuma kitupu alisugua kwa karatasi ya rangi ya fedha ya ndani ya pakiti za sigara. Mwisho akapitisha mafuta ya cherehani. Kijani kilipojitokeza alilia kidogo, maana ni kama aliyemwona baba yake.

Djuma akaichukua, akasema anaipeleka kwa fundi kubadilishwa matairi. Siku zikapita. Kila alipoulizwa, mara fundi anaumwa, mara matairi bado yako kwenye boti kutoka Kinshasa.

Aliyefichua siri hakujua kwamba anafichua. Annette, mama wa Butembo aliyeuza misumari na mipira ya baiskeli kando ya barabara, alimpongeza Nuru kwa jinsi baiskeli ya fundi Sefu ilivyopendeza. Alikuwa ameiona Lubunga, ng'ambo ya mto, uani kwa mzee Moussa, alipovuka kwenda kununua makemba, zile ndizi za kupika. Nuru akacheka kama mtu anayejua habari zote. Kisha akashuka ufukweni, akapanda pirogi, mtumbwi wa kuvukia mto.

Kweli aliikuta barazani, kitenge kipya kimefungwa kwenye kiti cha nyuma. Mzee Moussa alimkaribisha kwa heshima, akidhani ni mgeni wa upande wa bwana harusi. Nuru akaisifu baiskeli. Mzee akafurahi, akaeleza kwamba imeletwa na mchumba wa binti yake Sara, mfanyabiashara wa mchele, mtu wa dini, aliyefiwa na mkewe.

"Ilikuwaka ya bibi yake," mzee akasema kwa upole. "Alikufaka. Bwana mwenyewe njo alipanguza kutu na mikono yake, akilia. Bon, mwenye kuchunga vile kitu ya marehemu, atachunga na mutoto wangu."

Nuru akashika usukani wa baiskeli. Mke wa pili si jambo geni kwao. Angeambiwa, angelia, angenuna, mwisho angemeza. Lakini kuzikwa akiwa anapumua, tena kwa ndimu zake mwenyewe! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema kinauma namna hii.

"Papa," akasema, "ule bibi mwenye alikufaka, njo mimi."

Mzee akamtazama kama anayetazama mtu aliyerukwa na akili. Nuru hakubishana. Alimwomba aangalie karibu na vali, upande wa cheni: atakuta doa la ukubwa wa ukucha, pale alipoiharibu rangi akijaribu ndimu. Mzee akalizungusha gurudumu polepole, akainama, akaliona doa. Alipoinuka hakuweza kumtazama mgeni wake usoni. Akamwita binti yake, akamweleza kwa maneno machache.

Sara akafungua kitenge, akakitupa barazani, akaisukuma baiskeli mwenyewe mpaka kwenye pirogi. Nuru hakuweza kumchukia. Wote wawili walikuwa wamedanganywa na mdomo mmoja.

Jioni Djuma aliporudi nyumbani aliikuta baiskeli katikati ya ua. Nuru amechuchumaa, anapangusa tope la ufukweni kwenye ringi. Djuma akaitazama, akaizunguka. Mwisho akauliza lile la kila siku, chakula kiko wapi.

Nuru akageuza kitambaa upande safi.

"Marehemu hapikake," akasema, akaendelea kuufuata mstari wa manjano.