Kiti cha Kupinga

Ushirika wetu wa mafundi cherehani una kanuni moja ya ajabu: hoja isiyopingwa haipigiwi kura. Lazima mtu asimame kando ya meza ya kukatia, aipinge kwa sababu, ndipo tuhesabu mikono. Kazi hiyo ameishika shangazi yake Mwenyekiti miaka nenda miaka rudi, nasi tumempachika jina la Breki.

Mwenyekiti alikuwa amechoka naye. Kila akileta wazo, Breki analifumua kama pindo lililokaa upande. Siku hiyo akaja na hoja iliyonyooka utadhani ameipiga pasi: kiti cha mpinzani kifutwe. Mambo yaende mbio, alisema, wenzetu wametuacha. Tukapiga makofi. Sisi kwa makofi hatujambo.

"Shangazi, karibu upinge," alisema, akijizuia kucheka.

Breki akasimama, akatoa pini mdomoni. "Leo sina neno, mwanangu. Naunga mkono." Akaketi, akaendelea kutunga uzi kwenye sindano.

Tukashangilia, kisha tukanyamaza mmoja mmoja. Hoja haijapingwa. Haipigiwi kura.

"Basi apinge mwingine!" Mwenyekiti alitukodolea macho. Fundi wa vifungo akainamia vifungo vyake. Mimi nikazuka na kikohozi. Miaka yote tulimwachia Breki. Tungejulia wapi kupinga?

"Si upinge mwenyewe?" Breki alisema. "Kwani utakufa?"

Mwenyekiti akasimama kando ya meza ya kukatia. "Mwaka jana... Shangazi alipougua, aliyemshikia nafasi alisema anapinga kidogo tu. Tukapitisha ule uzi wa bei poa. Kwaya tuliyoishonea sare ilipoinama kusalimia watu..."

Hakumalizia, na hakukuwa na haja. Suruali zilipasuka mbele ya ukumbi mzima, safu ya nyuma hadi ya mbele. Aliyekwenda kuomba radhi ni yeye, peke yake. Sisi tulijificha nyuma ya marobota ya vitambaa.

"Nilitamani mtu angenikatalia," alisema. "Ninyi mlinipigia makofi tu."

Hakuna aliyecheka. Niliona haya, nasema kweli.

Kura ikapigwa. Mkono wa kwanza kuikataa hoja ya Mwenyekiti ulikuwa wa Mwenyekiti. Wa pili ulikuwa wangu, na sikuangalia kwanza jirani kafanya nini.