Maziwa ya Nani?

Bamama wenzangu, kama mutoto wenu iko na kapistolet ka kupuliza rangi mu nyumba, musikaguse. Mukisikia anasema rangi inapaswa kuwa "kama maziwa", muulize kwanza: maziwa ya nani? Miye sikuuliza. Njo maana naandika.

Mutoto wangu Bénie iko na miaka makumi mbili na sita. Anajenga bintu bidogo-bidogo bya plastiki: camions ya mizigo, mashini ya kuchimba mu mine, manyumba ya kushika na mukono moja. Miaka mbili nililala na roho juu, nikijiuliza kama nilisomesha mutoto juu acheze. Halafu Monsieur Stanislas wa ku Golf, ku batajiri, mwenye atelier ya kujenga maquettes, bintu bidogo vile, akamuambia: "Nijengee locomotive moja ya bleu, kichwa ya treni. Samedi saa sita nitakuya kuiona. Rangi ikikuwa propre, safi kabisa, lundi unaanza kazi kwangu."

Munaelewa? Kazi. Kuanzia Jumatatu, contrat na jina yake juu.

Jumamosi ile asubui, hakuna courant, umeme umekatika. Kale kapistolet kanapuliza na compresseur, ile mashini ya upepo, na compresseur bila courant ni kiti tu. Tena ile rangi ya bleu ilitoka Lusaka, chupa moja, hakuna ingine. Saa tatu Bénie akasema anaenda ku soko kutafuta mayi ya batri, ile safi, juu mayi yetu ya bomba iko na chokaa.

"Mama, usiguse kintu."

"Nitagusa nini? Niko fundi?"

"Mama. Nakujua."

Hajapita hata kona, courant ikarudi. Compresseur ikaanza kunguruma. Kwetu ku Kenya, ile commune yetu, haiko ile inchi, courant ikirudi unakimbia: telefone, pasi, frigo, byote mara moja, juu yenyewe haisemi itabakia dakika ngapi. Nikaona saa. Nikaona locomotive pa meza, kijivu kama mugonjwa. Nikaogopa. Na woga yangu haijuaka kukaa chini, inatafutaka kazi.

Nilikuwa nimesikia Bénie mara mia: rangi ya mu chupa iko nzito, ukiipuliza vile itaziba katundu ka mbele. Lazima uongeze mayi mupaka ikuwe kama maziwa.

Sasa, maziwa miye naijua. Nililea batoto saba na maziwa ya unga. Kijiko moja, bidon ya litre mbili, unakoroga, unaomba. Inapata rangi ya maziwa, na ingine Mungu anajaza. Basi vile njo nilifanya: bleu kidogo, mayi ya bomba mingi. Nikalenga. Nikafinya.

Locomotive ikaanza kulia. Bleu ikatoka ku madirisha, ikashuka ku magurudumu, ikaendelea na safari yake mupaka ku kitambaa ya meza. Jirani yetu Mama Hortense, mwenye kuimba mu korali na kuuza lutuku, ile pombe ya moto, nyuma ya nyumba, akaingiza kichwa.

"Mama Bénie, unabatiza nani?"

"Natengeneza rangi. Kama maziwa."

"Ile haiko maziwa. Ile ni mayi ya kunawia mikono."

"Kwako maziwa iko namna gani?"

"Kwangu ni ya kopo, ile ya sukari. Nzito. Inafuata kijiko kama muchumba mupya."

Musiniulize juu ya nini nilimusikiliza. Nikatia bleu mingi, mayi matone mbili. Kapistolet kakakohoa, kakatema kipande, kakanyamaza. Hortense akasema kanataka sindano. Nikaleta sindano ya kushona, nikaingiza, nikasukuma. Mungu alinitazama tu.

Saa tano kasoro, Bénie akarudi. Akaona locomotive, akaona sindano, akaona Hortense anatafuta mulango.

"Mama, ulitia nini?"

"Maziwa."

"MAZIWA?"

"Hapana! Rangi! Kama maziwa! Weye njo ulisema!"

"Maziwa gani?"

"Ya hapa! Ile unakunywaka!"

Akakaa chini. Nilifikiri analia, kumbe anacheka, ile kicheko ya ku kilio. "Mama, maziwa ya hapa ni mayi yenye ilisikiaka habari ya ngombe."

Halafu akasimama. "Mama Hortense, leta lutuku. Ile kali."

"Mutoto, miye ni mukristu."

"Chupa nzima."

Chupa ikakuya. Bénie akafungua kapistolet kipande kwa kipande, akakaosha na lutuku, bleu ikatoka kama zambi ku padri. Kwa bahati sindano haikupasua katundu. Akapangusa locomotive na kitambaa ya lutuku mupaka kijivu ikarudi. Mu chupa ya Lusaka ilibakia bleu ya kufunika chini tu. Akaitia mu kikombe, akaongeza mayi ya batri, tone, tone, akainamisha kikombe. Rangi ikapanda ku ukuta ya kikombe, ikashuka pole, ikaacha nyuma kivuli cha bleu.

"Ona, Mama. Inashuka, lakini haikimbie. Maziwa ya ngombe."

Akajaribu kwanza ku karatasi. Halafu ku locomotive: couche moja, tabaka nyembamba kama pumuzi, anangojea ikauke, anaweka ingine. Upande moja ukakuwa bleu ya kutamani. Saa sita kasoro kidogo, courant ikaenda. Na bleu ilikuwa imeisha vilevile.

Saa sita kamili Monsieur Stanislas akaingia. Akanusa.

"Ni nani anakunywa mapema hivi?"

"Ni locomotive," Hortense akajibu.

Akaizungusha: upande moja bleu, upande ingine mugonjwa. Bénie akamuelezea byote, hata sindano, mbele yangu. Monsieur akapeleka ule upande wa bleu ku dirisha, akapitisha kidole.

"Uliondoa yote na lutuku, ukaanza upya?"

"Ndiyo, Monsieur."

"Kwa saa moja?"

"Na kidogo."

"Bantu yangu bakiharibu couche moja, banatupa maquette yote." Akaiweka chini na mikono mbili. "Kuya lundi. Ule upande mwingine utamalizia kwangu, bleu iko, na groupe ya kuleta courant iko."

Nikapiga kigelegele. Akanigeukia na heshima yote.

"Mama, ku mulango ya atelier tuko na mulinzi. Uko na foto yako moja, nimuonyeshe?"

Nilimupa ile ya carte d'électeur, karte ya kupigia kura. Mu ile nafanana kabisa na muntu wa kufukuza.