Vitumba Katika Nyumba ya Kilio

Siku ya tatu ya kilio, Mama Pudentienne alisimama katikati ya sebule, akaelekeza kidole dirishani, akasema mbele ya watu wote waliokaa mikekani:

“Ile kitu ndiyo ilimuua mutoto wangu.”

Vichwa vikageuka. Kwenye ubao wa dirisha palikuwa na chungu kidogo, na ndani yake kaktusi isiyo na majani, vipande bapa vya kijani vilivyoungana na kuning’inia kama miguu ya kaa.

“Bamulele, bale baasi, balipita mu barabara,” mama aliendelea, “bakaona maua ya bazungu mu dirisha. Bakasema, humu munakaa mutu wa masomo. Bakaingia, bakamukuta Antoine na viatu mu miguu. Na ni nani alileta ile maua humu? Si minye.”

Aliyeileta alikuwa amekaa kwenye kona, mtoto wake Anne-Marie amelala kifuani. Célestine hakuwa mtu wa kujibu. Hata shuleni, alipofundisha darasa la kwanza, watoto walilazimika kusogea mbele ili wasikie anachosema. Na sasa, mjane wa siku tatu, alikuwa na sauti gani ya kumtolea mama mkwe aliyefiwa na mwanawe? Antoine alipakiwa kwenye lori la waasi mwezi wa tano, na watu wa Luberizi ndio waliomfukia. Kilichorudi Uvira ni kiatu kimoja.

Kaktusi ile alipewa mwaka wa sitini, mwezi wa uhuru, na mke wa bwana shamba wa Kibelgiji aliyekuwa akifunga masanduku avuke ziwa kwenda Usumbura. “Kwangu ilichanua kila mwaka,” yule mama alimwambia. “Ukitaka ichanue, iweke gizani, inyime maji, usiiguse. Miezi miwili, isahau kabisa.” Célestine aliitikia, lakini moyo wake ulimshinda. Angewezaje kukinyima maji kitu chenye uhai? Kwa miaka minne aliimwagilia kila asubuhi, akaigeuza kila upande upate jua, akaifuta vumbi kwa kitambaa, na jioni akaiwekea taa karibu. Ikanenepa, ikang’aa, isitoe hata ua moja. Antoine, karani wa bandari ya Kalundu, alikuwa akirudi kazini na kumtania: “Célestine, unailisha kama bibi arusi. Mwenye kushiba atachanua kwa shida gani?”

Sasa ilikuwa nyumba ya kilio, na ukoo wa Antoine ulikuwa na sheria zake. Nyumba haifagiwi. Kitu hakisogezwi mahali pake. Madirisha hayafunguliwi, jembe haligusi udongo, na mmea wowote haupewi maji, mpaka mwezi uandame mara mbili na mkubwa wa ukoo aje kuondoa kilio. Mjane aliyeshika yote hayo anaruhusiwa siku ile kuomba jambo moja, na hanyimwi. Aliyevunja hata moja anaondoka mikono mitupu.

Célestine alikuwa na jambo moja tu la kuomba: arudi kwa wazazi wake Kiringye pamoja na Anne-Marie, ambaye alikuwa hajaachishwa ziwa. Mama Pudentienne alilijua ombi hilo kabla halijatamkwa, akalijibu mapema.

“Mutoto ni wa nyumba hii. Weye, barabara iko pale.”

Akampa binti yake Félicité kazi ya kumlinda mjane. Félicité alitandika mkeka wake mlangoni pa sebule, akalala hapo kila siku, miguu ameinyoosha kama mti wa barrière, kizuizi cha barabarani.

“Nitakukamata, muramu,” alimwambia wifi yake bila haya. “Kama si leo, ni kesho. Bantu ya masomo hamuwezi kushika sheria ya bakubwa.”

Wiki zikapita gizani. Malori ya waasi yalipita yakielekea Kamanyola, na vumbi la barabara likaingia kupitia nyufa za mbao, likatua juu ya kila kitu. Zilipokuja ndege za serikali, watu walilala kifudifudi na hakuna aliyefikiria kufungua dirisha. Joto likakaa ndani kama mgeni asiyeaga. Célestine alikula alichopewa, akanyamaza alipotukanwa, akanyonyesha. Kilichomtesa kuliko matusi ni ile kaktusi. Aliiona ikinyauka, ngozi yake ikijikunja kama mkono wa bibi kizee.

Adhuhuri moja Félicité alikoroma. Célestine alikuwa na kikombe cha maji ya mtoto mkononi. Akainuka. Akapiga hatua moja, ya pili. Dirisha lilikuwa mbele yake, na alihitaji kuinamisha kikombe tu. Mtoto akageuka usingizini, akaguna. Célestine akabaki amesimama, kisha akayanywa yale maji mwenyewe mpaka tone la mwisho, ili yasiwepo tena ya kumjaribu.

Wiki ya sita, mwanga mwembamba wa asubuhi ulipenya kwenye ufa ukaangukia kaktusi. Kwenye ncha za vipande vyake palikuwa na nukta nyekundu, ndogo kama punje za ulezi. Célestine alijisogeza kwa magoti. Vitumba. Vitumba vya maua!

Moyo wake uliruka kwa furaha, ukaanguka hapo hapo. Giza, kiu, kutoguswa: kilio kilikuwa kimefanya kile ambacho yeye kwa miaka minne alishindwa kukifanya kwa huruma. Lakini nani humu ndani angeamini? Mbele ya macho ya watu hawa mmea unaochanua ni mmea ulionyweshwa, na mjane anayenywesha maua ni mjane anayefurahi. Mkono wake ukainuka peke yake. Kuvikwanyua vyote kungechukua muda wa Salamu Maria moja.

“Kumi na moja,” Félicité alisema nyuma yake. “Nimesha kuvihesabu jana. Kikipotea hata kimoja, tutajua ni nani.”

Mkono ukashuka.

“Félicité, sikuipa maji.”

“Maua inatoka bila maji? Ni hivyo ulikuwa unafundisha batoto ya bantu?” Akapaza sauti. “Mama! Kuya uone bustani ya mujane!”

Mama Pudentienne alikuja, akainama, akatazama kwa muda mrefu. Alipoinuka alikuwa akicheka, na kicheko chake kilikuwa kibaya kuliko kilio.

“Mutoto wangu anaoza kule Luberizi, na weye huku unalima. Muache ikue. Mutu asiiguse. Siku ya kuondoa kilio, baba mukubwa ataona na macho yake.”

Tangu siku ile chakula cha mjane kiliwekwa chini bila neno. Na vitumba vikazidi kunenepa, vikaning’inia vyekundu gizani.

Mzee Anastase, mkubwa wa ukoo na kaka wa marehemu baba yake Antoine, alifika siku ya kuondoa kilio akiwa amechoka na amekasirika. Barrière tatu zilikuwa zimempekua toka Luberizi.

“Tuongee bifupi,” alisema kabla hajakaa. “Saa nane banafunga barabara. Iko mashitaka?”

“Iko,” Mama Pudentienne akasema, naye akaonyesha dirisha. “Alivunja kilio. Alikuwa anailisha ile kitu yake kwa siri. Angalia, inataka kuchanua! Mutoto abaki, yeye aende.”

“Célestine, jibu.”

Célestine alifungua kinywa. “Baba mkubwa…” alinong’ona.

“Paza sauti, huku haiko mu kanisa!” Félicité akasema, na wanawake wawili wakacheka.

Anne-Marie alikuwa amemshika mama yake kidole. Célestine alikitazama kile kiganja kidogo, akavuta pumzi.

“Baba mkubwa, kabla hujafungua dirisha, omba taa. Angalia ubao.”

Taa ikaletwa. Mzee akainama. Juu ya ubao, kuzunguka chungu pande zote, vumbi la wiki nane lilikuwa limelala zito na laini kama unga wa muhogo. Hapakuwa na alama ya kidole wala ya tone. Mjusi mmoja tu alikuwa amepita, akaacha nyayo zake toka kona hadi kona.

“Ningeimwagiliaje bila kugusa vumbi?” Célestine aliuliza, na safari hii hata waliokaa mlangoni walisikia. “Tia kidole kwenye udongo, baba mkubwa.”

Mzee akatia. Udongo ulikuwa umepasuka na kuachana na ukingo wa chungu. Akatoa kidole, akakipuliza, na kilichoruka ni vumbi.

“Haikunywa,” akasema. “Haikunywa hata kidogo.”

“Basi ni ulozi!” Félicité akapiga kelele.

“Félicité, weye ulilala mu mulango siku zote. Kama ni ulozi, ulikuwa unalinda nini?” mzee akauliza.

Watu wakacheka, safari hii si kumcheka mjane. Mzee akamgeukia Célestine amwombe atakacho, naye akasema maneno machache: mtoto, na Kiringye. Kisha kila mtu akamtazama Mama Pudentienne.

“Alishika kilio,” akasema mwisho, macho yake chini. “Minye siwezi kusema alivunja. Amubebe mutoto. Lakini leo hii, mbele ya saa nane. Nikimuona huyu, naona kiatu cha Antoine.”

Madirisha yakafunguliwa. Mwanga ukaingia kwa nguvu hata watu wakafunika nyuso. Maji yakaletwa kwa mtungi, kila mmoja akanawa mikono na uso, kama sheria inavyotaka. Célestine alimfunga Anne-Marie mgongoni kwa kitenge, akachukua mfuko wake. Akatazama dirishani mara moja. Vitumba vilikuwa vimejaa, ncha zake zimeanza kulegea. Siku tatu tu, au nne.

Mama Pudentienne aliuchukua mtungi na maji yaliyobaki, akaenda dirishani.

“Masikini,” aliiambia kaktusi, na sauti ile Célestine alikuwa hajawahi kuisikia kinywani mwake. “Banakufunga kiu kama mufungwa. Ngoja. Sasa utapata mama.”

Akamwaga. Chungu kikajaa, kikafurika, maji yakatiririka ubaoni na kugeuza vumbi kuwa tope. Akamwaga tena. Kisha akakiinua chungu, akakigeuza, akakiweka upande wa pili penye jua kali.

Célestine alijua. Kwa kiu ile, maji yale, na kugeuzwa kule, vitumba vingeanza kudondoka kesho, kimoja kimoja, mpaka cha kumi na moja. Kinywa chake kikafunguka.

“Uko na neno ingine?” Félicité akamuuliza kutoka mlangoni.

Miguu ya Anne-Marie ilimbana mbavuni.

“Hapana, muramu,” alisema. “Mubaki salama.”

Akatoka, akashika barabara ya Kiringye, akitembea haraka kama mtu anayehofia kuitwa arudi.