Bi Mishi Asoma Vitabu vya Jirani

Bi Mishi Athman alikuwa ametimiza miaka minne tangu astaafu kufundisha hesabu na sayansi alipoombwa kazi moja zaidi, tena na jirani zake wa ubavuni pale mtaani Muyeye.

Jirani hao walikuwa Ziro na mkewe Zipporah. Ziro alikuwa fundi wa malori huko Mariakani akirudi nyumbani kila Jumamosi. Zipporah alikuwa nyumbani na binti yao wa pekee, Kabibi, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja na ugonjwa wa damu wa selimundu. Maumivu yakimpanda, mtoto hulala wiki nzima, na shuleni alikuwa amekosa siku nyingi mno hata akaanza kuachwa nyuma. Kwa hiyo Zipporah alimtoa akaanza kumfundisha mwenyewe, kwa vitabu vya Kikristo vya masomo ya nyumbani alivyovipata kupitia kanisa lao. Kila somo lilianza kwa aya ya Biblia, na mtoto alijisomea kwa mwendo wake, hata akiwa kitandani. Mwaka wa pili huo, Zipporah alikuwa akijivuna kwamba Kabibi amewapita wenzake kwa gredi moja.

Ziro hakuwa na hakika. Dada yake Phoebe, mwalimu huko Kilifi, alikuwa amemwambia kwamba vitabu vile ni vya sala tu. Mke na mume walibishana, kisha wakakubaliana kazi ya kuvipima vitabu na mtoto wampe mtu ambaye wote wawili wanamwamini. Zipporah alipokuja kumwomba, aliona haya kidogo. Alisema anajua Bi Mishi ni Mwislamu, na vitabu vyenyewe vimejaa mambo ya Yesu.

"Mwanangu, sikuitwa kupima dini yenu," alijibu Bi Mishi. "Niletee vitabu, kisha niletee mtoto."

Alivisoma vyote, na Kabibi akawa anakuja barazani kwake asubuhi. Siku ya kwanza Bi Mishi alimpa habari kutoka gazetini kuhusu bei ya korosho. Mtoto aliisoma, akaieleza kwa maneno yake mwenyewe, kisha akasema kwamba mwandishi amejipinga, maana mwanzoni asema wakulima wamefurahi na mwishoni asema wamegoma kuuza. Bi Mishi alichukua gazeti akatazama. Ilikuwa kweli, na yeye hakuwa ameona.

Siku ya pili ilikuwa ya hesabu. Kabibi alizidisha na kugawanya sehemu upesi, bila kosa. Ndipo Bi Mishi alipomwambia kwamba tangi lina maji robo tatu, watu wakatumia theluthi mbili ya maji hayo; je, tangini mmebaki kiasi gani? Mtoto aliandika robo tatu na theluthi mbili, kisha akainua penseli.

"Bibi, hii ni ya kuzidisha au ya kugawanya?" aliuliza mwisho.

Bi Mishi alirudi vitabuni akaona sababu. Kila ukurasa ulikuwa na kichwa kilichomwambia mtoto afanye nini, na maswali yote chini yake yalifanana. Mtoto hakuwa amewahi kulazimika kuamua. Kwenye sayansi mambo yalikuwa hivyo hivyo. Kabibi alijua maana ya mvuke kwa moyo, lakini alipoonyeshwa gilasi ya maji ya barafu iliyolowa kwa nje, alisema labda inavuja.

Jumamosi Ziro alirudi, na Bi Mishi akawaita wote wawili. Hakuzunguka. Aliwaambia kwamba kusoma na kuandika kwa Kabibi ni kwa kiwango cha juu, kuliko wanafunzi wengi aliowafundisha, na upande huo vitabu vinastahili sifa. Lakini hesabu ni nyepesi kuliko zinavyoonekana, na mtoto hayuko mbele kwa gredi moja. Yuko nyuma kwa gredi moja. Tena sayansi haina jaribio hata moja.

"Kwamba Mungu ndiye aliyeumba bahari, hapo mimi na nyinyi hatuna ugomvi," alisema. "Lakini kitabu kikishasema hivyo chafunga mlango. Hakimwelezi mtoto chumvi ya bahari yatoka wapi."

Zipporah alishukuru kwa sauti ndogo, akakusanya vitabu vyake. Siku zilizofuata hakuonekana. Alianika nguo mapema, kabla Bi Mishi hajatoka nje, na Kabibi hakuja barazani. Bi Mishi aliyakumbuka maneno yake moja moja na hakuona la kubadili. Mwishowe alijifunga leso akaenda mwenyewe.

Zipporah alikuwa akichambua mchele. Alimwamkia shikamoo, akaitikiwa, akaendelea kuchambua. Kisha akasema, bila kuinua macho, kwamba yeye aliishia kidato cha pili. Kila somo alilomfundisha Kabibi alikuwa amelisoma kwanza peke yake. Sasa Ziro atataka mtoto arudi shuleni, na mara ya mwisho huko alizidiwa na maumivu darasani, akalia mbele ya wenzake hadi mama yake alipofika.

"Niliposikia vitabu ni vyepesi," alisema, "nilijua basi hata mimi ni mwepesi."

Bi Mishi alivuta kibao akaketi, akaanza kuchambua upande wa pili wa sinia. Alimwambia kwamba mtoto hakufunzwa na kitabu kukamata gazeti likijipinga. Hilo alilipata kwa kubishana na mtu kila siku, na nyumbani humo mtu huyo ni mmoja. Kinachohitajika ni kitabu kingine cha hesabu, na mtu wa kufanya naye majaribio. Huyo wa majaribio, alisema, anaishi hapo ubavuni na hana kazi.

Zipporah alicheka kidogo, akapangusa macho kwa kiwiko.

Ziro hakupinga. Mtoto alibaki nyumbani, vitabu vya kusoma vikabaki, na vya hesabu vikabadilishwa. Bi Mishi akawa anaingia mara mbili kwa wiki na sufuria zake na mishumaa yake, na Zipporah aliketi kando ya binti yake akiuliza maswali mengi kuliko yeye. Hesabu zilimchukua Kabibi miezi, na machozi kadhaa.

Jumamosi moja Ziro aliporudi, Kabibi alimngojea mlangoni. Alitaka kujua upepo unawezaje kusimamisha lori. Ziro alisema ataeleza akishaoga. Lakini alichukua kalamu, akachuchumaa kizingitini na nguo zake za kazi, akaanza kumchorea breki za upepo: tangi lake, mipira yake, na mahali upepo unaposukuma. Kabibi alimkatiza kila mara. Zipporah aliwaletea chai, akasimama kusikiliza, kisha naye akauliza upepo ukiisha lori laenda wapi. Ziro akageuza karatasi na kuanza upya.