Teke la Aune

Feni ya hita ya gari, ile inayokausha kioo, ilikufa asubuhi ya mkesha wa Krismasi, na Tauno Huttunen akaona kama ametukanwa. Gari lilikuwa zee, ndiyo, lakini miaka yote alikuwa amejigamba kwa yeyote mwenye muda wa kumsikiliza kwamba halijawahi kumsumbua hata siku moja. Na wenye muda, pale mjini Lehtovaara, hawakuwa wengi.

Akazungusha swichi mpaka mwisho, akairudisha, akaizungusha tena. Kimya. Pumzi yake ikakifuata kioo cha mbele na kuganda kwa ndani. Akakwangua kwa kucha, kikaziba tena. Kwa kioo kile asingevuka hata daraja la mjini, sembuse kufika Mustolahti, kijijini kwa kina mke wake, mwendo wa saa nzima katikati ya misitu.

Na kufika ilikuwa lazima. Siku ile kila mtu, hata asiyekanyaga kanisani mwaka mzima, huenda kuwawashia wafu wake mishumaa. Giza likishuka, makaburi yote yanawaka juu ya theluji, na lile lililosahauliwa linajulikana kutoka barabarani. Huu ulikuwa mkesha wa kwanza wa Aune, mkewe, huko makaburini. Hawakujaliwa watoto. Tauno asipokwenda, hakuna mwingine wa kwenda. Mabasi yalikuwa yamelala, na maduka ya vipuri yalifungwa jana yake.

Basi akavaa koti la kazi, akaanza alipopaswa kuanzia. Fyuzi akaichomoa, akaitazama kwenye mwanga: nzima. Akazunguka upande wa abiria, akalala chali sakafuni, kichwa chini ya dashibodi na miguu nje kwenye theluji, akagusisha kitaa chake cha kupimia kwenye nyaya za feni. Kikawaka. Umeme unafika, kumbe mgonjwa ni mota yenyewe. Akaigonga kwa mpini wa bisibisi. Feni ikakohoa, ikazunguka, ikampulizia vumbi usoni.

"Kaboni za mota zimekwisha, hazigusi mpaka zitikiswe," akasema, ingawa hapakuwa na wa kumwambia.

Akarudi kwenye usukani. Kabla hajatoka uani, feni ikanyamaza. Akarudi kuigonga, ikaamka. Akaondoa gari, ikalala. Akachukua fimbo ya kutelezea kwenye theluji ili aipige akiwa palepale kwenye usukani, akakosea, akaichoma redio, na gari likaponea chupuchupu kuyavaa mapipa ya taka. Akatukana kwa sauti, kwa maneno ambayo Aune asingeyaruhusu siku kama ile.

Mara ya mwisho alipolala tena chini ya dashibodi, alikuwa na tochi. Ndipo alipoona. Ile plastiki inayofunika mota, mahali ambapo abiria hunyoosha miguu, ilikuwa imebonyea na kupata ufa. Juu yake palikuwa na alama nyeusi za soli, nyingine za zamani na nyingine za karibuni, zote mahali pamoja. Hazikuzidi upana wa ncha ya kiatu cha mwanamke.

Tauno akabaki amelala vilevile, baridi ikimpanda mgongoni.

"Tuliza miguu, Aune. Unanivuruga." Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake, safari baada ya safari. Wakati wa baridi aligombana na miguu ile, na kiangazi, feni hiyohiyo ilipopuliza hewa ya kiyoyozi, aligombana nayo tena. Aune alijibu kwamba miguu imekufa ganzi, akatazama nje dirishani, na baada ya kitambo, tip, akapiga tena. Masikio ya Tauno yalikuwa yamekwisha kiwandani kwenye misumeno, feni ikizima hakusikia. Alijua tu kwamba kioo ni safi na gari lake halina mfano. Alilisifia kwa Aune mwenyewe, hukohuko njiani, naye alikuwa akilipiga mateke ili sifa zisimwumbue.

Akakumbuka mwezi wa tatu, walipokwenda hospitali kwa mara ya mwisho. Aune alikuwa amefunikwa blanketi, miguu imetulia kabisa. Kioo kiliganda njia nzima, na yeye akawa anasimama kukikwangua akiilaani baridi. Hata siku ile hakumwambia. Na tangu mazishi Tauno hakuwa ameendesha tena.

Akajivuta mpaka kwenye kiti cha mkewe, akanyoosha mguu, akapiga palipobonyea. Feni ikaamka mara moja. Akakaa mle akilia, joto likimjia usoni, na kila joto lilipokatika akapiga tena. Ilikuwa rahisi mno. Taabu ni kwamba ukikaa kiti kile huendeshi.

Saa za mchana zilikuwa zikikimbia, na mwanga nao. Akapanda ngazi. Kwenye ghorofa yake palikuwa na milango miwili, wake na wa Leinonen, tarishi wa zamani wa posta. Waliishi hivyo tangu wote wawili wana nywele, na heshima yao ilikuwa ile ya pale: ukitaka kutoka, unachungulia kwanza kwenye tundu la mlango, na ukimwona jirani yuko nje unasubiri mpaka apite, usimtie taabu ya kukusalimia. Tangu mazishi, Leinonen alizidisha heshima hiyo. Tauno alikuwa akiona tundu la mlango wake likiingia giza, anasubiri, kama yeye alivyosubiri.

Akapiga moyo konde, akabisha. Tundu la mlango likaingia giza.

"Leinonen, najua upo hapo."

"Nipo," mlango ukajibu.

"Una shughuli leo?"

"Nilikuwa nimepanga kula."

"Peke yako?"

"Wewe unaona nani humu?" Mlango ukafunguka kidogo. Leinonen alikuwa amevaa tai, kwa ajili ya mezani kwake mwenyewe. "Kuna nini, bwana Huttunen? Nyumba inaungua?"

"Nakwenda Mustolahti kwa Aune. Nahitaji mtu wa kupiga teke."

"Kumpiga nani?"

"Gari. Likizima feni, unalipiga. Mimi siwezi, nashika usukani."

Leinonen akamtazama machozi yaliyokuwa hayajakauka vizuri, akatazama pembeni haraka. "Miaka arobaini nimetembeza barua kwa miguu hii," akasema. "Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuiomba kwa jina. Ngoja nivae buti."

Walitoka mjini theluji ikianza kushuka. Leinonen alikuwa na mshumaa wa Aune mapajani, na mguu tayari. Feni ilipozima, tip, ikaamka, na kioo kikabaki wazi. Msitu ukapita, kisha msitu mwingine. Tip. Tauno aliona kwa pembe ya jicho mguu ule ukitikisika upande wa Aune, na maneno yakamtoka yenyewe kabla akili haijayawahi.

"Tuliza miguu, bwana. Unanivuruga."

Leinonen akarudisha mguu mara moja. "Samahani," akasema, akakaa wima kama mtoto kanisani.

Feni ikazima. Ukungu ukaanza kupanda kwenye kioo kutoka chini, ukaimeza barabara kidogo kidogo. Tauno akapunguza mwendo, akaliegesha gari pembeni.

"Hapana," akasema. "Mimi ndiye wa kuomba samahani. Piga."

"Una hakika?"

"Piga," akasema, na hakuwa akimtazama Leinonen. "Piga tu, mpenzi. Sisemi tena."

Leinonen akainamisha macho kwenye mshumaa. Kisha akanyoosha mguu, akapiga.