Mkono Ndani ya Choroko

Kinyozi alimtolea mkewe hukumu kijiko kikiwa mdomoni: "Leo kilo moja ya dengu, basi. Ukizidisha hata punje, kuanzia kesho dukani anakwenda mama yangu."

Hakumwonea. Mwezi uliopita mkewe alirudi kutoka duka la jumla na ndoo nzima ya mdalasini. Waliutia kwenye chai, kwenye maziwa, kwenye maharage, mpaka nepi za mtoto zikanukia kama keki. Lakini kutwa mwanamke huyu alishona sare za shule, jioni akabembeleza mtoto. Duka lile ndipo mahali pekee duniani alipojichotea kwa mkono wake, na hakuna aliyemlilia.

Na ili asiponyoke, mama mkwe akatumwa naye kama askari.

Mlangoni muuzaji aliwapa mifuko na upawa. "Jichoteeni, mama zangu."

"Tujichotee wenyewe?" mama mkwe akang'aka. "Na wewe kazi yako nini, kupendeza?"

"Kupima, mama. Kupendeza naongeza bure."

Mke akapita kati ya mapipa, macho chini kama bibi harusi. Zabibu kavu zikamkonyeza. Korosho zikamwita. Akameza mate, akachota dengu zake, mizani ikasema kilo moja kamili. Akageuka kwa maringo amwonyeshe askari wake.

Askari hayupo.

Alimkuta kule nyuma, mkono umezama kwenye pipa la choroko hadi kiwikoni, macho kayafumba.

"Mama?"

"Hebu nyamaza kidogo, mwanangu. Miaka arobaini nanunua vilivyofungwa. Kumbe ndani kuna ubaridi mtamu hivi!"

Akauchomoa mkono, akauzamisha kwenye ufuta. Kisha kwenye mchele. Walipotoka, mama mkwe alikuwa na gunia la choroko kichwani, mfuko wa korosho kwapani, na shavu limevimba zabibu za kuonja.

Nyumbani, kinyozi alisimama mlangoni, mtoto begani. Kuliona gunia tu, akakenua.

"Si nilisema? Kuanzia kesho dukani..."

"Nakwenda mimi," mama yake akamkata kauli. "Na huyu nakwenda naye, ndiye anayeyajua mapipa. Una neno?"

Kinyozi akamtazama mkewe, na kilo yake moja ya dengu. Mkewe akatazama mawingu.

"Sina, mama."

"Basi mpe mkeo mtoto, keshakukojolea. Wewe shika gunia."